Paulo Alionya Kabla ya Dhoruba



Katika makanisa yetu wako wazazi wengi ambao watoto wao wanafanya kazi Doha, Dubai na Riyadh. Mtoto anapoleta habari kwamba amepewa likizo na anakuja nyumbani, furaha huingia kwa mlango mmoja na hofu kwa mlango wa pili. Mama amesikia habari za vita katika nchi zile, naye hujiuliza: Ndege hiyo itapita wapi? Tena wako ndugu wanaomwambia kwamba mwenye imani haogopi. Basi mama huyo hubeba mizigo miwili, hofu yenyewe na aibu ya kuogopa. Leo twataka kulitazama jambo hili jinsi lilivyo, kisha tusikie Neno la Mungu linatufundisha nini.

Hofu hii haikuzuka bure. Tarehe 17 Julai 2014 ndege ya shirika la Malaysia ilikuwa ikitoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur. Ilipofika juu ya mashariki ya Ukraine, mahali palipokuwa na vita, ilipigwa kwa kombora lililorushwa kutoka chini. Watu wote 298 walikufa, na 80 kati yao walikuwa watoto. Tarehe 8 Januari 2020 ndege ya shirika la Ukraine iliangushwa na jeshi la Iran dakika chache baada ya kuondoka Tehran, wakafa watu 176. Hata hapa kwetu, tarehe 28 Novemba 2002, makombora mawili yalirushwa kuelekea ndege ya Israeli iliyokuwa imeruka tu kutoka Mombasa. Tunamshukuru Mungu kwamba yalikosa, na ndege ikafika Tel Aviv salama.

Lakini tusiseme hayo bila kusema na haya: kila mwaka safari za ndege za abiria duniani hupita milioni 30, na karibu zote hufika salama. Maafa haya ni machache sana. Hata hivyo, uchache wake haumfariji aliyefiwa. Kwa hiyo twapaswa kuuliza jinsi anga inavyolindwa.

Kwa mkataba uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944, kila nchi ina mamlaka juu ya anga yake. Nchi ikiona hatari, ndiyo ifungayo njia na kuwapelekea marubani ilani. Shirika la ndege nalo laweza kukataa kupita mahali hata kama njia haijafungwa. Lakini kufunga kuna gharama. Nchi hukosa ada zinazolipwa na ndege zinazopita juu yake. Shirika linalozunguka huchoma mafuta zaidi, na abiria huchelewa. Hapo ndipo moyo wa mwanadamu hujaribiwa.

Mwaka ule wa 2014 Ukraine ilikuwa imefunga anga ya mashariki yake, lakini chini ya futi 32,000 tu. Ndege ya Malaysia ilipita kwenye futi 33,000. Bodi ya Uholanzi iliyochunguza ajali ile ilisema mwaka 2015 kwamba zilikuwako sababu za kutosha za kufunga anga ile yote. Lakini siku ile ile, kabla ya kufungwa, safari 160 za ndege zilikuwa zimepita huko. Kila mmoja alimwona mwenzake akipita, akadhani pako salama.

Ndugu zetu, fungueni Matendo ya Mitume, mlango wa 27. Paulo alikuwa mfungwa katika merikebu iliyokuwa ikielekea Italia. Walipofika Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Krete, aliwaonya kwamba safari ile ingeleta hasara kubwa. Akida akawaamini zaidi nahodha na mwenye merikebu. Bandari haikuwafaa kwa wakati wa baridi, na wengi walitaka kuendelea. Upepo ukavuma kwa upole, wakang'oa nanga. Baada ya muda mfupi dhoruba ikawakamata.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, Paulo alikuwa mtu wa imani kuliko wote merikebuni, naye ndiye aliyesema wasiende. Imani haikumfunga kinywa. Ilimpa ujasiri wa kuonya. La pili, dhoruba ilipokwisha kuja, malaika alimtokea na kumwondolea hofu. Ingekuwa hofu ni dhambi kwa mtumishi wa Mungu, malaika angekuja kumkemea. Lakini alikuja kumtia moyo. Na hata baada ya ahadi ile, Paulo aliwazuia mabaharia wasitoroke na mashua, akawahimiza watu wale chakula. Watu wote 276 wakafika nchi kavu. Ahadi ya Mungu na kazi ya mikono ya watu zilikwenda pamoja.

Basi tufanye nini? Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kabla makombora ya Iran hayajafika. Ndege zilielekezwa kwingine, na maelfu ya abiria wakakwama. Wengi walinung'unika, lakini hakuna ndege ya abiria iliyopigwa. Kuchelewa kule kulikuwa ulinzi. Kwa hiyo, mtoto wako akisema safari imeahirishwa, usimlaumu, wala usimhimize atafute njia nyingine ya upesi. Mwambie aulize shirika la ndege litapita wapi, na ajiandikishe katika ubalozi wetu huko aliko. Wala usiuonee haya moyo wako unaotetemeka. Ulete mbele za Bwana pamoja na jina la mtoto wako.

Nanyi mnaofanya kazi katika mashirika ya ndege na katika ofisi za serikali, kumbukeni kwamba kila kiti kina mtu ambaye mama yake anamngoja. Kufunga njia yenye faida ili jirani aishi ni upendo. Msingoje dhoruba ndipo mumsikilize Paulo.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, uliyeziumba mbingu, uwalinde wanaosafiri angani leo. Uwape wenye mamlaka hekima ya kuonya na moyo wa kukubali hasara. Uwafariji waliofiwa, uwatulize wanaongoja, na uzinyamazishe silaha za vita. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.