Gari Lisimamalo kwa Upepo

Mwezi wa Desemba unapoingia, na Wapare waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na kwingineko wanapoanza safari ya kurejea kwao, barabara zinazopanda milima ya Pare Kaskazini kutoka Mwanga hadi Ngujini na vijiji vya jirani hupokea magari ambayo waundaji wake hawakuwa na habari na barabara hizo: Range Rover, na baadhi ya Discovery, Mercedes-Benz na Prado, ambayo badala ya kukalia springi za chuma hubebwa na mifuko ya mpira iliyojaa upepo na kuamriwa na kompyuta. Aghalabu gari la namna hii hufika jioni likiwa limesimama sawasawa, na asubuhi mwenyewe hulikuta limeinamia upande mmoja, tairi limezama ndani ya madigadi. Wapitao husema tairi limeisha upepo, kumbe tairi ni zima. Kilichopungukiwa ni mfuko ulio juu yake.

Jambo ninalotaka kulieleza ni moja, nalo laweza kumwokolea mwenye gari fedha nyingi. Katika maradhi ya magari haya, kifaa kinachokufa mbele ya macho ya watu si lazima kiwe ndicho kilichoanza kuugua, na fundi anayekibadilisha bila ya kuuliza kimeuawa na nini huuza tiba ya miezi michache kwa bei ya tiba ya milele.

Mkaazi wa Upare hana haja ya darasa refu ili aufahamu mtambo wenyewe, maadam anaijua ndiva. Wazee walizuia kijito kwa boma la udongo na mawe, maji yakakusanyika usiku kucha, na asubuhi lango likafunguliwa ili yateremke kwa mifereji kwenda mashambani kwa zamu. Ndani ya gari, kompresa inayoendeshwa kwa umeme ndiyo kijito. Tenki la upepo ndilo ndiva. Kisanduku cha vali ndiyo malango. Na mifuko ya mpira ndiyo mashamba. Msimamizi wa zamu ni kompyuta, ambayo hupata habari kutoka kwa sensa za kimo, yaani vifaa vidogo vyenye mkono uliounganishwa na bawa la tairi, vinavyopima wakati wote kila pembe ya gari imeinuka kiasi gani. Abiria watano wakipanda, nyuma hubonyea, sensa husema, kompyuta hufungua vali, na gari hurudi kimo chake. Nguvu iliyomo si ndogo: tairi la gari la kawaida hujazwa upepo wa 30 hadi 35 kwa kipimo cha mafundi wa tairi, ilhali tenki la Range Rover ya miaka ya 1990 hufika karibu 150 kwa kipimo hichohicho.

Ilimu hii si changa. Mabasi ya Marekani yalianza kukalia mifuko ya upepo mnamo 1953, na gari la fahari la Cadillac Eldorado Brougham likaipata mwaka 1957, lakini mifuko na viungo vyake vilivuja kiasi kwamba wenye magari wengi waliing'oa wakarudia springi. Kompyuta ndiyo iliyoufufua mtambo huu: Lincoln mwaka 1984, Range Rover mwaka 1992, na baadaye kampuni nyingi nyinginezo. Uvujaji haukufufuliwa, kwa sababu haukupata kufa.

Huo uvujaji ndio chimbuko la takriban kila balaa. Mpira wa mfuko hujikunja na kujikunjua kila tairi linapopita shimo. Vumbi la tambarare ya Same na Mwanga huingia katika mikunjo hiyo likaisugua kama msasa. Jua nalo huukausha mpira, na baada ya miaka kadhaa nyufa nyembamba hutokea palepale panapojikunja, zisizoonekana mpaka mfuko unyooshwe. Upepo hutoka kidogo kidogo. Kompyuta, ambayo kazi yake ni kulinda kimo wala haijali gharama, huiamrisha kompresa ijaze tena na tena. Lakini kompresa haikuundwa kufanya kazi mfululizo. Ilikusudiwa iwake kwa muda mfupi, ijaze, kisha ipumzike. Ikikosa pumziko hupata joto mpaka hujizima yenyewe, ikapoa, ikaanza upya, na hali hii ikiendelea ringi ya pistoni yake huliwa hata isiweze tena kusukuma. Hapo taa ya dashibodi huwaka, gari hubaki chini, na mwenyewe huambiwa kwamba kompresa imekufa. Ni kweli imekufa. Illa aliyeiua yungali mzima pale kwenye mkunjo wa mpira, naye atamaliza na hiyo mpya.

Hali ya hewa ya milimani ina hila yake. Ukungu ukitanda juu ya Pare Kaskazini, kompresa huvuta hewa yenye unyevu, na unyevu huo lazima uzuiliwe usifike kwenye vali. Kwa ajili hiyo mna kikaushio chenye punje za silika, ambazo hunyonya maji upepo unapoingia na kuyaachia upepo unapotolewa nje. Punje hizi hazidumu. Zikichoka huacha maji yapite, vali zikashika kutu na kuganda. Zikivunjika huwa unga mweupe, na unga huo huziba njia ya kutolea upepo, gari likapanda lisishuke. Fundi afunguaye kisanduku cha vali akakuta unga wa namna hiyo amepata ushahidi uliokamilika, wala haimfalii kupuliza tu na kufunga.

Sasa tuitazame mashine ya kusoma namba za hitilafu, ambayo watu wengi huiamini kupita kiasi. Kwanza, vifaa vya bei nafuu vinavyochomekwa chini ya stelingi aghalabu husoma habari za injini peke yake. Namba za hitilafu za mtambo huu huanza kwa herufi C, na huhitaji mashine iwezayo kuzungumza na kompyuta ya upepo yenyewe. Pili, hata namba ikipatikana, hiyo ni dalili, si hukumu. Chukua mfano wa C1A20, namba mashuhuri katika Discovery 3, ambayo maana yake ni kwamba tenki linajaa polepole mno. Huenda kompresa imechoka. Huenda vilevile kichujio cha hewa kimezibwa na vumbi, au kikaushio kimejaa unga, au paipu imelegea kwenye kiungo chake. Magonjwa manne, namba moja. Na la kompresa ndilo la ghali.

Kwa hiyo fundi mstahiki huanza na mambo yasiyohitaji mashine. Jioni, gari likiwa mahali tambarare, hupima kwa utepe kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi katika pembe zote nne, akaandika. Hapa pana mtego ambao umewapoteza wengi: Range Rover na Discovery, hata zikiwa zimezimwa, kompyuta yao huamka mara kwa mara usiku na kuzishusha pembe nzima zilingane na ile iliyoshuka, ili gari lisipinde. Asubuhi gari zima limelala, na mtu hudhani mifuko yote imeharibika, kumbe ni mmoja. Dawa yake ni kuondoa fyuzi ya mtambo kabla ya kulala, ili kila pembe iachwe na upepo wake. Ndipo asubuhi utepe utakapomtaja mkosaji.

Akishajulikana, hupakwa maji ya sabuni kwenye mikunjo, kwenye kiungo cha paipu na kwenye kisanduku cha vali. Panapovuja hutokea mapovu madogomadogo yanayokua polepole kama ukoga, mahali ambapo sikio halikusikia kitu. Ikiwa hakuna povu popote, ndipo rilei ya kompresa ikaguliwe, kwani ikinata huifanya ifanye kazi bila kukoma. Na sensa za kimo, ambazo mikono yake hushika kutu na nyaya zake hukatika kwa matope ya kupandia milima.

Tahadhari moja haina mjadala. Gari la upepo laweza kushuka ghafula bila kishindo cha kuonya, kwa mfuko kupasuka au kwa kompyuta kuamua tu kulisawazisha. Mtu asiingie chini yake, hata kwa kuchungulia, kabla halijawekwa stendi imara chini ya chasisi na mtambo wake kuzimwa. Jeki peke yake haitoshi.

Wako wanaoshauri mtambo wote ung'olewe na springi za kawaida ziwekwe, na mimi siwalaumu. Kwa mtu anayeishi Ngujini mwaka mzima, aliye mbali na vipuri na mbali na mashine ya kusoma namba, springi ni shauri la busara, mradi aridhike kupoteza uwezo wa kuinua gari mawe yanapozidi, na kompyuta ielezwe kwa mashine kwamba mtambo haupo tena, la sivyo taa itawaka daima. Lakini kumshauri hivyo mtu ambaye gari lake lina ufa mmoja katika mfuko mmoja ni kumkata mguu mwenye mwiba.

Mfuko au sensa ikishabadilishwa, kazi haijaisha. Sensa mpya haijui kimo cha gari mpaka ifundishwe upya kwa mashine, na gari lililoachwa bila mafunzo hayo husimama mshazari ijapokuwa kila kitu ni kizima. Baada ya hapo gari lipelekwe mlimani likiwa na mzigo, lirudishwe, lipimwe jioni kwa utepe uleule, fyuzi iondolewe, na lipimwe tena alfajiri. Kwa kuwa hewa hunywea kwa baridi ya usiku wa milimani, kushuka kwa milimita chache katika pembe zote si kasoro. Pembe moja ikizipita nyenzake tatu, sabuni itolewe tena kabla gari halijakabidhiwa kwa mwenyewe.