Eropleni Iliyoitwa Mbayuwayu

Katika baraza ya darasa letu hapa Muheza mbayuwayu hupita kasi, mabawa yameelekea nyuma kama upinde. Hao ndio walionifanya nitafute habari za eropleni ndogo ya Uingereza iliyopewa jina lao.

Jina lake rasmi ni DH 108, kazi ya kampuni ya de Havilland. Iliruka mara ya kwanza tarehe 15 Mei, 1946. Kiwiliwili chake kilitokana na eropleni ya vita iitwayo Vampire, lakini mabawa yalikuwa mapya, yameelekea nyuma. Wala mkiani haikuwa na mabawa madogo.

Kwa nini bawa lielekee nyuma? Mchukuzi sokoni hupaza sauti, "Mzigo! Mzigo!" watu wakampisha. Eropleni nayo huipa hewa habari mbele yake, na habari hiyo husafiri kwa mwendo wa sauti. Eropleni ikiukaribia mwendo huo, hewa haiwahi kupisha. Hujazana na kulisukuma bawa nyuma. Bawa lililoelekea nyuma hukutana na hewa kwa mshazari, na taabu hiyo huchelewa kuja.

Mkulima wa machungwa akiletewa mche mgeni hang'oi shamba zima. Hupanda miche miwili mitatu pembeni. Ndivyo walivyofanya mafundi hao, kwani walikuwa wakifikiria eropleni kubwa ya abiria, Comet, isiyo na mkia.

Jaribio lilikuwa la hatari. Tarehe 27 Septemba, 1946, Geoffrey de Havilland, mwana wa mwanzilishi wa kampuni, alikufa eropleni ya pili ilipovunjika angani. Ya tatu, ikiendeshwa na John Derry, iliupita mwendo wa sauti Septemba 1948. Lakini mwaka 1950 hiyo na ile ya kwanza zilianguka pia, na marubani waliokuwamo wakafa.

Comet ilipotoka ilikuwa na mkia, na mabawa yake yalielekea nyuma kidogo tu. Tarehe 2 Mei, 1952, ilianza kuchukua abiria kutoka London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe. Mwaka 1960 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililovunjika 1977, likapata Comet 4 zake.

Basi ndugu zangu, jaribio la maabara likitupa jibu tusilolitaka, tusilifute daftarini. Wako watu waliolipa roho zao kwa jibu la namna hiyo.