Mshahara na Gunia la Mahindi

Nataka kunena nanyi habari ya mtu wa mshahara: mwalimu, karani, tabibu wa zahanati. Jirani zake humdhania kuwa tajiri, kwa kuwa hupokea fedha kila mwisho wa mwezi. Walakini mkulima hula alicholima, na huyu hana budi kununua hata mboga. Bei zipandapo, mshahara wake hukaa pale pale.

Basi aweke akiba, lakini aiweke wapi? Mwaka 1993 bei za vitu nchini Kenya zilipanda kwa wastani wa kadiri ya 46 katika mia. Kilichonunuliwa kwa shilingi 100 kikataka shilingi 146. Aliyefungia fedha yake sandukuni aliikuta hesabu ile ile, ila karibu theluthi ya nguvu yake ilikuwa imekwenda.

Wengi hukimbilia upato. Tuseme watu 10 hutoa shilingi 20,000 kila mwezi, na kila mmoja kwa zamu hupokea 200,000. Wa kwanza amekopeshwa na wenziwe bila riba. Wa mwisho ndiye aliyewakopesha, na fedha yake ya mwezi wa kumi hununua pungufu. Kwa hiyo si haki zamu zipangwe kwa urafiki. Aliyekuwa wa mwisho na awe wa kwanza mzunguko ufuatao. Hata hivyo siulaumu upato, maana mtu huona haya kuwakosesha wenziwe kuliko kuvunja ahadi aliyojiwekea peke yake.

Akiba niipendayo mimi ni chakula chenyewe. Mahindi huwa rahisi wakati wa mavuno, kisha hupanda kadiri ghala zinavyokwisha. Ikiwa gunia ni shilingi 60,000 katika mavuno na 90,000 miezi ya njaa, mwenye kununua magunia manne mapema ameokoa 120,000.

Lakini adui wapo. Dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati, alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye hugeuza punje kuwa vumbi. Dawa nzuri ni mfuko usiopitisha hewa: ukifungwa barabara, wadudu hufa kwa kukosa pumzi.

Hapa nawasihi mwe waangalifu sana. Mahindi mabichi yakifungwa humo huota ukungu wenye sumu iharibuyo ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Basi pimeni kwanza. Twaeni chupa kavu, tieni kijiko cha chumvi kavu na punje hata theluthi ya chupa, mtikise dakika kadhaa, kisha mwache robo saa. Chumvi ikigandama ubavuni mwa chupa, yaanikeni tena juani, juu ya turubai wala si juu ya udongo.

Mtauliza, mwenye mshahara mdogo atapata wapi fedha ya magunia manne kwa mwezi mmoja? Na aombe zamu yake ya upato iangukie mwezi wa mavuno.