Meza ya Mninga katika Ukanda wa Dhahabu

Katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama na Msalala, mkoani Shinyanga, kuelekea Geita, miti hukatwa zaidi kwa ajili ya mashimo na majiko kuliko kwa ajili ya sebule. Wachimbaji wadogo huimarisha kuta za maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, kwa nguzo zinazoitwa matimba, ambazo kazi yake ni kuzuia udongo na mwamba usiporomoke, na kaya nyingi za Kakola, Bugarama na Segese hupikia mkaa. Hata hivyo, tangu mgodi mkubwa wa Bulyanhulu uanze uzalishaji mwaka 2001, wameongezeka katika miji hiyo watu wenye mishahara ya kila mwezi, wafanyabiashara wa vipuri na vyakula, na wachimbaji waliobahatika, ambao hujenga nyumba za kudumu na kutaka samani zinazolingana nazo. Samani inayotazamwa kwanza na mgeni ni meza fupi ya katikati ya sebule, ile inayowekwa mbele ya makochi na kubebeshwa chai, kahawa, soda na rimoti ya televisheni, na ndiyo inayostahili kuagizwa kwa uangalifu kuliko kununuliwa barabarani ikiwa imekwisha kupakwa vanishi, kwa sababu vanishi huficha mengi.

Katika Amerika ya Kaskazini anayetaka meza ya fahari huagiza mbao ya mepli, mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Mbao hiyo kwa kawaida ni nyeupe na isiyo na mapambo, lakini katika miti michache nyuzi zake, yaani chembe ndefu na nyembamba zilizolala kufuata urefu wa shina, hukua zikiwa zimepindapinda kwa mawimbi. Randa inapopita juu yake, kila wimbi hukatwa kwa pembe yake, nuru hurudishwa kwa namna tofauti, na jicho huona mistari ya mwanga na giza inayohama kila mtazamaji anaposogea. Antonio Stradivari wa Cremona, fundi wa fidla wa Italia aliyefariki mwaka 1737, alitumia mbao ya namna hiyo kwa migongo ya ala zake, na mpaka leo watengenezaji wa fidla na magitaa huilipia bei kubwa kuliko mepli ya kawaida.

Mepli haioti Usukumani, na hakuna sababu ya kuitafuta, kwa kuwa mninga, ambao wanabotania huuita Pterocarpus angolensis, unatoa mapambo ya aina yake bila kuvuka bahari. Kiini chake, yaani sehemu ya ndani ya shina iliyokomaa, huwa na rangi ya kahawia yenye mwanga wa dhahabu na michirizi myeusi au ya zambarau, ilhali sehemu ya nje iliyo karibu na ganda ni nyeupe na laini, hushambuliwa upesi na wadudu, na haifai kuachwa katika meza nzuri. Nyuzi za mninga mara nyingi hupishana: tabaka moja la ukuaji huegemea kulia, na lile linalofuata huegemea kushoto. Gogo likipasuliwa kutoka ganda kuelekea kiini, upishanaji huo huonekana kama utepe wa mistari inayometameta, na likipasuliwa sambamba na ganda hutokea maumbo ya vilele na miali ambayo wanunuzi wengi huyaita maua. Kwa hiyo maua ya mbao hutegemea mti wenyewe na pia mkono wa mpasuaji, ambaye akiwa porini hupasua kwa namna itakayompa mbao nyingi zaidi, si kwa namna itakayoonyesha uzuri wake.

Hapa ndipo meza fupi inapokuwa na faida isiyozingatiwa sana. Mlango na kitanda vinahitaji mbao ndefu zilizonyooka, lakini meza ya sebuleni haizidi sana sentimita 120 kwa urefu na 60 kwa upana, wala haihitaji kupanda zaidi ya sentimita 45 kutoka sakafuni ikiwa itakaa mbele ya kochi la kawaida. Vipande vinavyokataliwa na watengeneza milango kwa kuwa vifupi, hasa vile vya kwenye panda, mahali tawi kubwa linapoungana na shina, ndivyo vyenye maua mengi kuliko vyote, kwa sababu nyuzi za tawi na za shina hukutana na kusukumana hapo. Vipande hivyo ni vigumu kupasua na kupiga randa, na mara nyingi huishia kwenye tanuri la mkaa. Mteja anayemwambia mfanyabiashara wa mbao wa Kahama kwamba anatafuta panda la mninga anaweza kutazamwa kwa mshangao, lakini ombi hilo lina maana kuliko kudai mbao ya futi 12 ambayo fundi ataikata vipande siku ileile.

Mninga wenyewe hautoki mbali sana, ingawa si kila mahali mkoani Shinyanga utapatikana. Sehemu kubwa ya mkoa huo ilipoteza miti kwa ufyekaji wa vichaka uliofanywa wakati wa ukoloni ili kuangamiza mbung'o, kwa mashamba ya pamba, na kwa mifugo mingi, hali iliyosababisha serikali kuanzisha mwaka 1986 programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Programu hiyo ilifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho lisilochungiwa mpaka kiangazi, na uoto ukarudi. Lakini kilichorudi kwa wingi ni migunga na vichaka vya malisho na kuni, si miti ya mbao pana. Mninga unaouzwa Kahama na Geita hutoka zaidi katika misitu ya miombo ya upande wa Ushetu, Tabora na Katavi, na kwa sababu hiyo umesafiri kwa lori na unapaswa kuwa na karatasi.

Karatasi hizo hazipaswi kudharauliwa. Uvunaji husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mbao halali huambatana na hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayoonyesha ilikotoka na inakokwenda. Mkurungu, ndugu wa karibu wa mninga mwenye rangi nyekundu zaidi, uliwekwa mwaka 2019 katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na katika mkutano wa Panama wa mwaka 2022 mninga na mkongo viliongezwa pamoja na jamaa zao wa Afrika. Udhibiti huo unalenga zaidi magogo, mbao na bidhaa zilizochakatwa kidogo kuliko samani iliyokamilika. Hata hivyo, mfanyakazi wa kigeni wa mgodini anayetaka kurudi kwao na meza yake hana budi kuuliza ofisi ya TFS kabla ya kuifunga ndani ya sanduku. Ukaguzi wa hati unamlinda pia mnunuzi wa kawaida dhidi ya udanganyifu, kwa maana si kila kinachoitwa mninga ni mninga. Mpaina uliopakwa rangi ya kahawia huuzwa kwa jina hilo, na njia rahisi ya kuutambua ni kupiga randa sehemu isiyoonekana, chini ya meza, na kutazama kama rangi imeingia ndani au imekaa juu tu. Tena mninga mkavu una uzito wa takriban kilo 640 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kibao cha juu chenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na unene wa 3 kinapaswa kukaribia kilo 14. Jaribio jingine ni kuloweka maranda yake katika bilauri ya maji safi na kuitazama juani, kwani mbao nyingi za jamii ya mninga hutoa mng'ao wa buluu ndani ya maji.

Jambo lenye uzito kuliko yote, na linaloharibu meza nyingi za ukanda huu, ni unyevu. Fedha ya dhahabu hufika kwa haraka na mwenye nayo hutaka meza kwa haraka, lakini mbao haijui lini mshahara umeingia. Unyevu wa mbao hupimwa kwa kulinganisha uzito wa maji yaliyomo na uzito wa mbao ikiwa kavu kabisa: kipande chenye gramu 115 kikiwekwa katika oveni yenye nyuzi joto 103 mpaka uzito wake usipungue tena, kikabaki na gramu 100, basi kilikuwa na unyevu wa asilimia 15. Mbao ikikauka husinyaa, na husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Mninga unasifiwa duniani kwa kusinyaa kidogo, kwa kuwa kutoka ubichi mpaka unyevu wa asilimia 12 hupungua takriban asilimia 1.5 kwa mbao iliyopasuliwa sambamba na ganda, na asilimia 1 kwa ile iliyopasuliwa kuelekea kiini. Hata kiasi hicho kidogo, katika kibao cha upana wa sentimita 60, ni milimita 9 kwa namna ya kwanza na milimita 6 kwa ya pili, na nafasi ya milimita 9 inatosha kupasua gundi, kupinda kibao au kufungua ufa ambao hakuna vanishi itakayouziba. Mkaratusi na mbao nyingine za bei nafuu husinyaa kwa kiasi kikubwa zaidi.

Karakana nyingi za miji hii hazina tanuri la kukaushia mbao, na hilo si kasoro kama kuna subira. Mbao hupangwa kivulini, penye upepo, juu ya matofali, na kati ya tabaka moja na jingine huwekwa vijiti vya unene sawa ili hewa ipite pande zote, huku ncha zake zikipakwa rangi ya mafuta ili zisikauke upesi kuliko katikati na kupasuka. Kanuni ya zamani ya maseremala wa nchi za baridi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene; katika kiangazi cha Shinyanga, kinachoanza mwezi Mei na kufika Oktoba, kazi huenda kwa kasi zaidi, lakini mninga hauharakishwi kwa kuanikwa juani. Mteja mwenye busara hununua mbao zake mapema, huziacha zikauke, na ndipo humwita fundi. Kipima unyevu, kifaa kidogo cha betri chenye sindano mbili za kuchomeka kwenye mbao, kinafaa kuwamo katika kila karakana inayojiheshimu, na inasikitisha kwamba fundi anayenunua simu ya bei kubwa hujiona hawezi kukinunua.

Hata mbao kavu huendelea kunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, na kwa sababu hiyo kibao cha juu hakipaswi kugandishwa kwa gundi wala kupigiliwa misumari kwenye fremu. Fundi hodari huchimba mfereji upande wa ndani wa fremu na kuingiza humo vibanio vidogo vya mbao vilivyofungwa kwa skrubu chini ya kibao, ili kibao kiweze kupanuka na kusinyaa bila kuondoka mahali pake. Miguu na fremu huunganishwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja huchongwa ikaingia katika shimo lililochimbwa kwa patasi katika mbao nyingine. Kama kipande kimoja hakitoshi upana, mbao nene hupasuliwa katikati ya unene wake na nusu zake mbili hufunguliwa kama kurasa za kitabu, maua ya upande mmoja yakawa taswira ya upande mwingine. Mbao inayouzwa kama ya inchi 1 kwa 10 haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa ikishapigwa randa pande zote hubaki na unene wa takriban sentimita 2.

Kuhusu umaliziaji yatosha kusema machache. Msasa hupigwa kwa kufuata nyuzi, kuanzia ule mkali hadi ule laini, na fundi hufunika pua, kwa kuwa vumbi la mninga huwasha na huweza kuamsha pumu. Mafuta ya kitani huonyesha maua vizuri kuliko vanishi nzito, ingawa hayazuii alama ya chupa ya chai ya moto kwa kiwango kile. Baada ya gharama hizo zote, familia nyingi hutandika juu ya meza vitambaa vya kufuma vinavyoifunika kutoka ukingo hadi ukingo. Ni desturi nzuri na yenye heshima, lakini aliyelipia maua ya panda la mninga angefanya vyema kutandika kitambaa kidogo chini ya sinia tu.

Makubaliano na fundi yaandikwe, hata kwa mkono katika daftari: aina ya mbao, vipimo, unyevu usiozidi asilimia 12, namna ya viungo, na malipo kwa awamu tatu, ya kwanza ikiwa ya mbao zilizokwisha kuonekana, ya pili meza inapokuwa imeungwa na haijapakwa chochote, na ya mwisho inapokabidhiwa. Awamu ya pili ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo siku pekee ambayo viungo na mbao vitaonekana vilivyo. Fundi anayekataa kuonyesha meza kabla ya vanishi, au anayeahidi kuimaliza kwa wiki moja kwa mbao zilizopasuliwa mwezi uliopita, asipewe kazi hiyo.