Unafuata mzigo China au Dubai? Soma jina la dawa, usiangalie boksi tu

Leo siongelei wateja wala bei za mizigo. Naongelea kitu kinachokula siku zako za soko ukiwa ugenini: kichwa, mafua, tumbo kuvurugika. Tiketi umelipa, viza ina siku zake, halafu unashinda umelala hotelini.

Mi nauza mikoba mtandaoni na mzigo naufuata mwenyewe Guangzhou. Sijasomea udaktari, nimeishia kidato cha nne. Lakini nimejifunza kusoma boksi la dawa kama ninavyosoma lebo ya mkoba, na nisipoelewa namuuliza mfamasia. Nawe unaweza.

Boksi la dawa lina majina mawili. Kubwa ni la kampuni, dogo ni la dawa yenyewe. Panadol ni jina la kampuni, dawa yenyewe ni paracetamol. Sisi wauzaji hili tunalijua: mkoba uleule unaukuta na lebo tatu kwa bei tatu. Ukienda Dubai unaweza kupewa Adol, Uturuki unapewa Parol, zote ni paracetamol. Marekani utakutana na Tylenol, na huko paracetamol wanaiita acetaminophen. Ukishikilia jina la kampuni peke yake, unaweza kuondoka dukani mikono mitupu wakati dawa yako iko pale kwenye shelfu.

Kwa hiyo kabla ya safari fanya haya:

1. Piga picha boksi la dawa unayoitumia, upande wenye jina dogo na kipimo chake. Ukifika duka la dawa onyesha picha.

2. Kama unaenda China, hifadhi maneno haya kwenye simu. Paracetamol ni 对乙酰氨基酚. Ibuprofen ni 布洛芬, ila hiyo mwenye vidonda vya tumbo aiepuke. Maji ya chumvi na sukari ya kuzuia kuishiwa maji, yaani ORS, ni 口服补液盐. Boksi la dawa isiyohitaji cheti cha daktari lina herufi OTC ndani ya duara refu, jekundu au la kijani. Jekundu linauzwa duka la dawa lenye mfamasia.

3. Angalia miligramu. Kidonge tulichozoea nyumbani ni cha 500, lakini nje kuna vya 650. Mtu mzima hatakiwi kupita gramu 4 za paracetamol kwa saa 24. Hiyo ni vidonge 8 vya 500, lakini vya 650 ni 6 tu. Mwenye shida ya ini, mnywaji sana wa pombe au mwenye mwili mdogo amuulize mfamasia, yeye kiwango chake kinaweza kuwa cha chini zaidi.

Sasa hapa ndo penye hatari yenyewe. Safari moja nilikuwa na dada mmoja tunayefuata naye mzigo, kabanwa na mafua. Alikuwa anameza Panadol alizotoka nazo nyumbani. Akaenda dukani akapewa pakiti za unga wa kukoroga na maji ya moto, boksi limechorwa majani. Akaniambia, "Hii ni ya mitishamba, haina shida." Nikamwambia tupitishe kamera ya kutafsiri kwanza. Ile inaitwa 999 Ganmaoling, wanaitumia sana kule. Mitishamba imo kweli, lakini ndani kuna paracetamol pia, na chlorpheniramine, ileile ya Piriton inayoleta usingizi. Angeendelea na vyote viwili, angekuwa anameza paracetamol mara mbili bila kujua. Paracetamol ikizidi inaharibu ini, na siku ya kwanza unaweza usisikie kitu. Tukakubaliana achague moja, akaacha vidonge.

Kanuni yangu basi: dawa yoyote ya mafua, tafuta kwanza kama ina paracetamol ndani. Ikiwemo, Panadol inakaa pembeni.

Homa ni habari nyingine. Ukitoka kwetu kwenye malaria ukapata homa ukiwa Guangzhou au Dubai, usimeze dawa ya maumivu ukasubiri. Shirika la Afya Duniani liliitangaza China haina malaria mwaka 2021, na Falme za Kiarabu mwaka 2007. Daktari wa kule anaweza asiiwazie kabisa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, taja nchi unayotoka, omba upimwe malaria. Dawa mseto usitegemee kuikuta kila duka kama kwetu. Hata ukisharudi nyumbani homa ikaja, usisingizie uchovu wa safari, kapime.

Halafu kuna mambo ya kubeba. Dubai ni wakali sana kwa dawa kama tramadol na zenye codeine. Zinahitaji kibali kabla ya kuingia nazo, la sivyo unaweza kuishia mikononi mwa polisi. Kwa hiyo jirani akikuambia "nibebee hizi dawa umpelekee ndugu yangu," mkatalie kwa heshima. Dawa zako za kila siku zibebe kwenye boksi lake, pamoja na cheti cha daktari, ndani ya begi la mkononi. Antibayotiki nako usitegemee kuuziwa hivihivi, watakudai cheti.

La mwisho, la biashara. Mteja akiona uko nje lazima aombe: "Niletee zile dawa za kupunguza mwili," "Niletee vidonge fulani niuze." Usikubali. Kuingiza na kuuza dawa bila kibali ni kosa. Kwa Tanzania mwenye mamlaka ni TMDA, Kenya kuna bodi yao ya famasi. Na mtu akidhurika na ulichomuuzia, hakuna "mzigo haurudishwi" itakayokusaidia.

Uza mikoba, uza viatu. Dawa nunua ya kwako, kiasi cha kukuponya, na soma lile jina dogo.

Wewe mzigo unafuata nchi gani, na Panadol huko inaitwaje? Andika hapo chini, wenzako waisome kabla hawajasafiri.