Mume ao mke? Kazi ya homoni katika mtoto angali tumboni

Mama akizaa, watu wote wanauliza neno moja: Ni mume ao mke? Siku nyingine mzalishaji anamtazama mtoto, naye hajui ajibu nini. Ndipo maneno yanaanza kijijini: mama amevunja mwiko, mama amelogwa. Sikilizeni kwanza habari ya mwili.

Tangu juma la 8 hivi la mimba, makende ya mtoto mume yanaanza kutengeneza homoni. Homoni inatembea ndani ya damu kama mjumbe mwenye barua. Inafika katika viungo vya uzazi, inavifanya kuwa vya mume. Inafika katika ubongo vilevile.

Habari ya ubongo ilijulikana namna gani? Mwaka wa 1959 Phoenix, Goy, Gerall na Young wa Kansas, Marekani, waliandika juu ya kobai, wanyama wadogo wale ambao watu wengi wa Kivu wanawafuga jikoni. Waliwapiga kobai wenye mimba sindano za homoni ya kiume. Watoto wao wa kike walipokua, walipanda wenzao kama madume, wala hawakukubali dume vizuri.

Lakini mtu si kobai. Kwa watu kuna ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo, unaopata mtoto 1 kati ya 15.000 hivi. Tezi zinashindwa kutengeneza homoni moja ya lazima, zinamwaga homoni ya kiume kupita kiasi. Mtoto mke anaweza kuzaliwa na kiungo kinachofanana na cha mume. Akikua, mara nyingi anapenda michezo ya wavulana kuliko dada zake. Wengine wanapenda wanawake. Walio wengi wanajijua kuwa wanawake, wanapenda wanaume.

Hatari kubwa ni nyingine. Wengi wa watoto hawa wanapoteza chumvi ya mwili. Katika juma la 2 ao la 3 mtoto anatapika, hanyonyi, analegea, anakufa. Mtoto mume mwenye ugonjwa huu anaonekana mzima kabisa, kwa hiyo tunamwogopea zaidi. Tangu 1950 iko dawa, kortisone na jamaa zake. Mtoto anaimeza kila siku maisha yake yote, naye anaishi.

Ninyi akina baba, msimfukuze mama. Ugonjwa huu unatoka kwa baba na mama pamoja, hata wakiwa wazima wote wawili. Kama mlikwisha kuzika mtoto kwa namna hiyo, mwambieni munganga mbele ya kuzaa tena. Na mzalishaji asipoweza kujibu, msifanye haraka ya kumpa mtoto jina; mleteni hospitali siku ile ile.