Mvurugano wa Mawimbi katika Seli Ndogo

Neno 'mwingiliano' si geni kwa mwanafunzi wa fasihi. Katika mwingilianomatini, matini moja huingia katika nyingine na kuitajirisha. Katika taaluma ya mawasiliano, hata hivyo, neno lilo hilo hutaja dosari: mawimbi mawili ya masafa mamoja yanapokutana, simu hushindwa kubagua lililokusudiwa. Makala haya yananuia kufafanua jinsi dosari hiyo inavyopunguzwa, na kuhoji iwapo neno hilo linaifaa.

Seli ni eneo linalohudumiwa na mtambo mmoja wa mawasiliano. Mnara mkubwa huweza kutumia nguvu ya wati 40 na kuhudumia kilomita kadhaa. Mtambo wa seli ndogo aghalabu hutumia wati chache tu, au hata chini ya wati 1, kwa jengo au mtaa mmoja. Seli hizi huongezwa palipo na watu wengi ili masafa machache yaliyopo yatumiwe tena na tena. Hapo ndipo tatizo huzuka: kwa mtu aliye ukingoni mwa seli ndogo, sauti ya mnara huimeza sauti ya mtambo wake.

Je, kila mtambo upaze sauti? La hasha! Mmoja akipaza, jirani naye hupaza, na hakuna asikiaye. Mbinu kuu ni tatu. Kwanza, kugawana masafa, ili walio ukingoni wapewe yale ambayo jirani hayatumii. Pili, kunong'ona: mtambo hupunguza nguvu zake hadi kiasi kinachowatosha watumiaji wake. Tatu, kunyamaza. Katika mfumo wa LTE, muda hukatwa vipande vya milisekunde 1. Toleo la 10 la viwango vyake, la mwaka 2011, liliuwezesha mnara kuacha baadhi ya vipande karibu vitupu ili seli ndogo zisikike. Sharti saa za mitambo zilingane. Aidha, kila kimya huwapunguzia watumiaji wa mnara nafasi yao.

Mwanangonjera anaelewa haya: mmoja hutua, mwenzake akajibu. Kinachoharibika hapa si kuingiliana bali ni kuvurugana. Kwa hiyo napendekeza 'mvurugano wa mawimbi', na 'mwingiliano' tuuachie utajiri wa matini. Istilahi isiyobainisha dhana huwa nayo ni mvurugano, na mwanafunzi wa uhandisi ataendelea kuamini kwamba Kiswahili hakiwezi kumfunza taaluma yake.